Mafuta ya Nazi kwenye Gobori la Muhsin

Mie bastola sizipendi, nalisema mapema ili mtu asinisingizie. Mlio wake unanipasua kichwa, na moshi wake ukishaingia kwenye abaya hautoki hata ufukize udi kutwa. Lakini ile ya marehemu kaka yangu Muhsin nilikuwa tayari kuigombania na mtu yeyote. Mtu mwenyewe akawa mwanawe wa kuzaa, Hamad.

Ni gobori, ila usidhani ni yale magobori ya kufukuzia nguruwe mashambani kwetu Pemba. Hili ni la kisasa, bastola ya chuma kinachong'ara, ina darubini juu yake. Lakini kushindilia ni kulekule kwa zamani. Unamimina baruti kwa mdomoni, unaweka risasi juu ya kitambaa kilichopakwa mafuta, unaisukuma kwa mdeki, ule ufito wake, mpaka ikae juu ya baruti, unatia fataki nyuma, ndipo unapiga. Ukitaka kupiga tena, unaanza moja. Watu wazima na akili zao wanalipia kilabu ili wapate taabu hiyo, na kaka yangu alikuwa wa mbele.

Kila Ijumaa jioni, pale Jeddah, alikwenda kilabuni na binti yake Mashavu. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, Mashavu akawa ndiye anayeshindilia. Ilipozidi, akawa ndiye anayepiga, na baba yake anakaa kwenye kiti nyuma yake, anamwambia taratibu, mwanangu, taratibu. Mimi naishi na Mashavu hapohapo Jeddah, mtaa wa Kandara, na ndiye aliyenisimulia hayo mara mia. Tangu baba yake afe hana kingine cha kumrudishia sauti yake isipokuwa kulishika gobori lile.

Sasa kilabu kikataka jina moja la kuandikiwa kibali cha kulimiliki. Hamad akapiga simu kutoka Riyadh.

"Shangazi, mimi ndiye mkubwa na ndiye mwanamume. Nimeshatengenezesha kabati la kioo lenye taa. Nitaliziba mdomo, nitaliweka sebuleni, wageni walione."

"Uliweke kama sahani za harusi?"

"Ni kumbukumbu ya mzee, shangazi."

Nilitaka kumkatia simu. Mashavu akaninyang'anya, na kwa upole wake ule unaonitia hasira akasema, "Kaka, tulipige sote wawili. Atakayemshinda mwenzake alichukue."

Hamad akacheka. Yeye alikuwa akipiga shabaha na baba yake tangu Mashavu hajazaliwa. Akakubali, kwa masharti yake: tuende Riyadh, tena tukitoka sare, mkubwa ndiye anayechukua. Mashavu akasema sawa. Nikamwambia weye mtoto ni mjinga, naye akanibusu kichwani.

Basi tukaenda, mwezi wa Januari. Tulilala kwa Hamad, mtaa wa Malaz, na lile kabati nililiona kwa macho yangu. Limekaa sebuleni mlango wazi, taa inawaka, linasubiri. Asubuhi akatupeleka uwanja wa shabaha nje ya mji. Baridi ya Riyadh haina adabu. Nilivaa sweta mbili ndani ya abaya na bado meno yaligongana.

Msimamizi pale ni Mkenya, Absalom, mrefu, fulana ya njano, filimbi shingoni. Akatupanga, akatupa vya kuziba masikio, akaniangalia mimi hasa.

"Mama, rules ni simple. Kila mmoja risasi tano, nusu saa. Na huku kwa line hakuna kelele. Hata kushangilia, mafi, hakuna."

"Nani kakwambia mie napiga kelele?"

"Kijana wako amenishow."

Hamad akajifanya anafunga kiatu.

Yeye ndiye aliyetangulia. Alikuwa na mafuta yake ya dukani, ya mche kama sabuni, anayapaka kwenye kitambaa kama mtu anayepiga mswaki. Nisimsingizie, anajua kupiga. Nne zikaingia kwenye duara jeusi. Ya tano ikatoka nje, kidogo tu, upana wa ukucha. Alivua miwani akaifuta, akasema upepo. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwangu. Mashavu akitia zote tano, gobori lake. Akikosa hata moja, kabati.

Mashavu akaweka kopo lake mezani. Mafuta ya nazi, ya kukamua nyumbani, tunayopakaa nywele. Baba yake hakutumia kitu kingine maisha yake yote, alisema mafuta ya nazi hayagandishi masizi ndani ya mtutu. Risasi ya kwanza ikaingia katikati. Ya pili ikaingia. Nikajiziba mdomo kwa ushungi.

Ya tatu ikakataa. Aliweka kitambaa mdomoni mwa mtutu, akaweka risasi, akasukuma kwa kidole, haiendi. Akaitoa, akatazama. Kitambaa kimekuwa kikavu kama gome. Akafungua kopo, na ndani mafuta yote meupe, magumu, kama mshumaa. Alilitoa kwenye gari lenye joto, akaliweka mezani kwenye upepo ule, limeganda lote. Jeddah hatujapata kuyaona mafuta ya nazi yakiganda, si mie, si yeye, si baba yake. Nani angelifikiria?

"Sukuma kwa nguvu," Hamad akasema.

"Sisukumi. Ikikwama katikati mtutu utapasuka."

"Basi tumia mafuta yangu."

Alisema kwa wema, namjua, lakini Mashavu alitikisa kichwa. Hakuwahi kuyapigia yale, na hakuwa na risasi ya kujaribia. Akalitazama kopo, machozi yakaanza kumjaa machoni. Absalom akatazama saa. "Madam, time inaenda."

Hapo nikaona upuuzi sasa umetosha. Nikalichukua kopo, nikafungua abaya, sweta ya kwanza, sweta ya pili, nikalitumbukiza kifuani, nikafunga. Bismillahi. Lilikuwa la baridi hadi nikasahau jina langu.

"Shangazi," Hamad akasema, "unafanya nini?"

"Nalea."

Absalom akageuka akatazama ukuta, mtu mwenye heshima zake. Tukakaa. Mashavu akasogea akanikumbatia kopo likiwa katikati yetu, na nikamsikia akinong'ona peke yake, taratibu, taratibu. Tukakaa mpaka nikasikia kitu kinachezacheza humo ndani kama maji kwenye kibuyu. Nikalitoa. Mafuta safi, yanang'aa.

"Yalla," nikamwambia.

Akachovya kitambaa, risasi ikateremka kwa mdeki bila ugomvi. Akapiga, ikaingia. Nikalirudisha kopo kifuani. Ya nne, vivyo hivyo. Hamad alikuwa ameacha kucheka zamani, amesimama mikono nyuma, anatazama namna dada yake anavyomimina baruti, anavyogonga mtutu kwa kidole kabla ya kuweka risasi. Baba yao ndivyo alivyofanya. Hamad mwenyewe hakuwa akifanya hivyo, na nadhani ndiyo kwanza alikumbuka.

Ya tano alikaa nayo. Muda ulikuwa unakwisha, filimbi iko mdomoni mwa Absalom. Mashavu akavuta pumzi, akaitoa, akapiga.

Moshi ulipoondoka, Absalom akatazama kwa darubini yake, akatazama tena. "Zote tano," akasema. "Zote ziko ndani." Kisha akachukua karatasi ya kilabu. "Sasa niandike jina la nani?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakifunga kwa nguvu zangu zote, nikamtazama Hamad. Hilo lilikuwa lake kulisema.

Hamad akasogea mezani. Akalishika gobori, likiwa bado la moto, akalifuta kwa kanzu yake nyeupe, likaacha mstari mweusi, naye hakujali. Akampa dada yake kwa mikono miwili.

"Andika Mashavu binti Muhsin," akasema. "Na Ijumaa ijayo nakuja Jeddah. Unifundishe mafuta hayo."

Mashavu akalia, na mimi nikalia, na Absalom akawa anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Nikajifuta, nikamwendea.

"Mwanangu, kupiga kumekwisha?"

"Halas, mama."

"Na ile sheria ya kelele?"

Akanitazama, akamtazama Mashavu na gobori lake kifuani. Akatabasamu, akaziba masikio yake vizuri, akawaashiria watu wote uwanjani wazibe yao.

"Piga, mama," akasema. Nikapiga kigelegele cha Pemba ambacho Riyadh haijapata kukisikia.