Dawa Ndani ya Samli

Kusoma kulikuwa kumempa Chelimo ujasiri wa kumpinga karibu kila mtu, isipokuwa mama mkwe wake. Huyo mama, Jerotich, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa gredi, wale wa maziwa mengi, pale Njoro, na ndiye aliyemlisha tangu afiwe na mumewe. Sasa chuchu za ng'ombe zilikuwa zimetoka vidonda. Gathogo, daktari wa mifugo, alisema vikipanda hadi ndani ya kiwele, basi, huyo ni wa bucha. Akataka kumdunga sindano siku hiyohiyo.

Jerotich akakataa. Sindano ya nini, na nyumbani kuna daktari? Kusema kweli, Chelimo hakuwa daktari wa watu wala wa ng'ombe. Alikuwa mtafiti wa maabara chuoni, na kuna dawa aliyokuwa akiitengeneza. Lakini mama mkwe akikusifu mbele ya watu, nani ataanza kumsahihisha? Chelimo akavimba kichwa kidogo, akaenda kuileta.

Dawa yenyewe ilikuwa nzuri, tusimwonee. Bakteria amezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta. Dawa ilijipenyeza katikati ya mafuta hayo, ikautoboa utando, vitu vya ndani vikavuja, bakteria akafa. Kwenye sahani za maabara hakubaki hata mmoja. Shida ni kwamba ng'ombe alirusha teke kila alipopakwa. Jerotich hukamua kama alivyofundishwa na mama yake, kwa kupaka chuchu samli kwanza, na ng'ombe alikuwa amezoea mkono wa samli tu. Chelimo akaona hilo ni jambo dogo. Akaichanganya dawa na samli kwenye kopo, ng'ombe akatulia, wote wakafurahi.

Vidonda vikazidi. Jerotich hakulalamika, na hapo ndipo Chelimo alipoumia. Mama alipaka asubuhi na jioni kwa imani yote, akiwaambia majirani kwamba dawa za wasomi huanza kwa kuuchokoza ugonjwa.

Chelimo alichukua usaha kidogo akaupeleka maabara. Bakteria wale wakafa vizuri kabisa kwenye sahani, kama wenzao. Alikaa akiwatazama kwa hasira. Kisha akafanya lile alilopaswa kufanya mwanzo: akachukua wengine wa usaha uleule, akawapa samli kabla ya dawa. Wakaila. Wakaimega, wakatia mafuta yake kwenye utando wao, na dawa ilipofika ikakuta utando wa aina nyingine, haukutoboka. Wakaendelea kuzaana. Kumbe alikuwa amewapelekea dawa pamoja na kinga ya kuizuia, kwenye kopo moja.

Profesa wake alisugua mikono kwa furaha alipoona matokeo. Hiyo ni makala ya jarida kubwa, alisema, na aanze kuandika leo. Chelimo akatoka nje akampigia Gathogo simu.

Gathogo alikuja, hakumcheka, akadunga sindano. Chuchu tatu zikaokoka. Ya nne ilikuwa imekufa na upande wake wa kiwele umekauka, na haingetoa maziwa tena.

Chelimo alipokwenda kueleza, alikuta maziwa yote yanamwagwa kwa sababu ya ile sindano, maana dawa yake huingia kwenye maziwa na hayafai kunywewa. Akapewa chai ya rangi, katika nyumba ambayo mgeni hajawahi kunyweshwa chai isiyo na maziwa. Akaeleza bila kuzunguka.

Jerotich aliitazama mikono yake. "Kwa hivyo ni samli yangu imeua hiyo chuchu."

"Hapana, Mama. Samli umepaka miaka yote na hakuna kitu iliharibu. Ni mimi niliweka dawa ndani yake bila kujaribu."

Chelimo alingoja atukanwe, na alitamani hivyo.

"Basi maliza chai haraka," Jerotich akasema. "Mke wa Ndung'u, huyu jirani, ng'ombe wake alianza vidonda juzi. Nilimgawia nusu ya kopo."

Chelimo akaweka kikombe chini. Jerotich alikuwa tayari amejifunga leso. Wangekwenda wote wawili, alisema, lakini mlangoni kwa jirani Chelimo ndiye angeeleza; yeye hangefungua mdomo.