Zawadi za Salalah

Watu wa Maskati tunapenda kusafiri, ila hatujui kukaa peke yetu. Asiyeamini aende mwezi wa nane kwenye ule mji wa ziwani kule Austria ambako Ghuba yote huhamia. Mimi na mume wangu Suud tulikwenda zamani kidogo. Asubuhi ya kwanza, sijaweka hata mkoba chini, nikakutana na jirani yangu wa Ansab mlangoni mwa hoteli, akaniuliza kama nimekuja na achari. Jioni tukala biriani. Suud akanitazama, nami nikamtazama, na kesho yake tukakodi gari tukakimbia kama watoto waliotoroka chuoni.

Ili mnielewe, lazima kwanza muijue nyumba yetu. Tunakaa Ansab pamoja na mama mkwe wangu, Bi Hasina, na silalamiki, ni mtu mwema. Lakini Ijumaa kwetu hula watu ambao wengine hata majina siyajui, mashemeji hulala sebuleni, na mlango wa chumba chetu hugongwa na kila mwenye kuumwa na kichwa. Suud ndiye mtoto mkubwa wa kiume, na kumwambia ndugu yake hapana hawezi. Akirudi kutoka kazini Al Khuwair, kabla hajavua viatu ana watu watatu wa kuwapeleka mahali. Mwaka mzima nina mume wa watu.

Basi siku ile tuliyokimbia tulivuka mpaka tukaingia Slovenia. Barabara ikapanda mlima, ikawa nyembamba, ramani ya simu ikakwama, na lami ikaishia mbele ya nyumba ya mawe yenye kibao cha mbao kinachosema chumba kipo. Mwenye nyumba alikuwa mjane mfupi, mnene, aitwaye Milka. Suud ana Kijerumani cha kubabaisha alichobaki nacho tangu masomoni, na Bi Milka ana chake cha kubabaisha vilevile, wakaelewana. Tulipomwambia kwamba sisi nyama ya nguruwe hatuli, wala mafuta yake, hakukunja uso. Aliingia stoo akatoka na sufuria nyeupe ambayo haijapata kukaa motoni, akaipigilia msumari wake peke yake ukutani. Mimi nikafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wa sufuria ili asije akakosea.

Humo ndimo alimotupikia kila mwaka tangu hapo. Ana unga mweusi anausonga kama ugali. Wenzake wanaumwagia mafuta ya nguruwe juu. Sisi alitumwagia siagi na mtindi. Alitukaangia samaki wa mtoni wenye madoadoa. Asubuhi alitupa mayai ya kuku wake, na Suud akayala taratibu bila ya simu, akanihadithia mambo ya utotoni mwake ambayo katika ndoa yetu yote sikuwahi kuyasikia. Nilimfundisha Bi Milka neno moja la Kiswahili, karibu, na kila tukifika alisimama mlangoni akalisema. Wiki mbili kwa mwaka nilikuwa na mume wangu mimi.

Sasa kwetu safari haitangazwi. Watu wana macho, na mtu mwenye akili husema alikokwenda akisharudi salama. Sisi tulizidisha, hata tukirudi hatukusema. Mwezi wa nane nusu ya Oman huteremka Salalah, kule Dhofari kusini, kwenye msimu wa kharif, kuona mvua na majani mabichi, basi na sisi tukasema tunakwenda Salalah. Na kwa kuwa mtu harudi safari mikono mitupu, tulipotoka uwanja wa ndege tulipitia kwanza soko la Matrah, kwenye duka la Mzee Thani, tukanunua madafu, ndizi na ubani wa Dhofari. Tulifika Ansab na makapu ya Salalah na kumgaia kila mtu fungu lake. Bi Hasina akasema ndizi za mwaka huu tamu kuliko za mwaka jana. Mimi na Suud hatukuthubutu kutazamana, na usiku chumbani tulicheka mpaka nikauma mto.

Nayasema haya ili mjue uongo ule ulikuwa wa nani. Ulikuwa wetu sisi wawili.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano tulikuwa tumeshakula, wanaume wako majlisi, sisi wanawake tuko sebuleni na kahawa. Wifi yangu Taghreed, dada wa Suud anayemfuatia, akachukua kidude cha televisheni. Taghreed aliachwa na mumewe mwaka juzi na tangu hapo amekuwa akitafuta biashara. Amejaribu mabuibui, amejaribu manukato. Nilimwonea huruma na nilinunua vyote viwili.

"Haya, tulieni muone," alisema. "Nimepata kazi mpya. Nnachukua familia, si watu wengi, nnawapeleka Ulaya ambako hakwendi mtu. Si kule kwenu kwa biriani."

Kwenye televisheni ikatokea barabara nyembamba inayopanda mlima. Nilikuwa nammiminia mama mkwe kahawa. Ikatokea nyumba ya mawe, kibao cha mbao, miti ya tufaha imechanua maua meupe. Maua yale sikuwahi kuyaona, maana sisi tulikuwa tunakwenda matunda yamekwishaiva. Kisha mlango ukafunguliwa, Bi Milka akasimama na aproni yake ya buluu, akasema, "Karibu."

"Mwaona?" Taghreed akafurahi. "Kizungu hajui, Kiswahili anajua."

Wanawake wakacheka, wakasema mashallah. Kamera ikaingia jikoni. Nikaiona sufuria iko kwenye msumari wake na uzi wangu mwekundu. Na nyuma ya kamera sauti ya mwanamume ikasema, kwa upole ule ninaoujua mimi, "Ile yenye uzi, ndo ya halali."

Kahawa ikamwagika kwenye sahani ya Bi Hasina. Akaniuliza nina nini, nikasema mkono umeteleza.

"Wifi," nilimwambia Taghreed, "huyu si kakako?"

"Si yeye alonipeleka. Bila ya yeye ningejulia wapi?" Akanitazama. "Kanambia wewe umeridhia. Kwani hukuridhia?"

"Mlikwenda lini?"

"Mwezi wa nne, baada ya Idi."

Baada ya Idi Suud alikuwa Salalah. Aliniambia ofisi imempeleka kukagua jengo. Nilimpangia mimi sanduku, nikashangaa anachukua koti zito, akaniambia viyoyozi vya hoteli za huko vikali. Na alirudi na kapu la madafu, ndizi na ubani. Nilizigawa ndizi zile mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ubani nilijifukiza usiku ule kwa ajili yake.

"Nimeridhia," nilisema. Ningesema nini mbele ya mama yake?

Taghreed akaendelea. Agosti nzima nyumba ya Bi Milka ameichukua yeye, vyumba vyote. Familia ya kwanza ni sisi wenyewe, ili atupige picha na watu waone. Bi Hasina ataletewa kiti cha kubebwa. "Na nyie wawili mna chumba chenu kilekile cha juu," aliniambia sikioni, akanipiga kofi gotini. "Usinione mbaya."

Sikumwona mbaya yeye. Yeye aliomba, akapewa.

Baada ya alasiri nilimwita Suud kutoka majlisi nikamwambia anipeleke Matrah. Akachukua funguo. Alishajua, maana sauti ya televisheni ile humfikia hata jirani, lakini njia nzima hakusema neno ila kuhusu joto. Bandarini hakukuwa na meli ya watalii, msimu wao umekwisha, na sokoni maduka ndiyo yanafunguliwa. Nikamwongoza mpaka kwa Mzee Thani.

"Karibuni," akasema Mzee Thani, ambaye Kiswahili alikijua Unguja na bado anakisema vizuri kuliko watoto wetu. "Mwaka huu mmewahi. Bwana alikuja juzijuzi peke yake, nikamuuliza, bibi yuko wapi, akanambia yuko nyumbani anamsubiri."

Suud akatazama chini.

"Nipe kama ulivyompa yeye," nilisema.

"Jawaher," Suud akaniita. "Kharif bado. Utasema unatoka wapi?"

"Sisemi kitu. Nnataka kuona ulivyokuwa unachagua."

Mzee Thani si mjinga. Akasema anakwenda kuswali, na magharibi ilikuwa mbali bado. Tukabaki tumesimama baina ya magunia ya ubani, mimi na mtu niliyezaa naye.

"Taghreed alikuja kulia ofisini," Suud alisema. "Kanambia kaka, nisaidie nisimame. Mimi ningefanya nini? Dada yangu yule. Nimfungie mlango?"

"Mlango gani? Ule haukuwa mlango wako peke yako."

"Kijiji si cha baba yako, Jawaher. Ni cha watu."

"Kijiji chukueni. Nnakuuliza Salalah."

Akaokota punje ya ubani, akairudisha guniani.

"Ungeniambia, Suud, nakwenda na dada yangu nimwoneshe. Ningelia, ningegomba, ungejua pa kunipata. Lakini umekuja hapa dukani, umesimama hapa, umenunua ndizi ukaniletea mimi. Ulipokuwa unazilipa ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ungekataa," alisema. "Na kukukatalia siwezi. Na yeye kumkatalia siwezi. Nikaona nisimuudhi mtu."

Hapo nilielewa, na sikupenda nilichokielewa. Miaka yote nilidhani ule uongo tuliusema kwa ajili yangu, kwamba ameniweka mimi upande wake na watu wote upande wa pili. Kumbe ndivyo anavyoishi na kila mtu. Kila mmoja humpa ndizi zake akaondoka ameridhika. Mimi nilikuwa mmoja katika foleni, ila zamu yangu ilikuwa ndefu kidogo.

Tulirudi Ansab bila ya kununua kitu. Suud aliomba radhi, na aliomba kweli, wiki nzima, kwa maneno na bila ya maneno. Alisema atamwambia Taghreed atafute kijiji kingine. Nikamwambia usimguse Taghreed, ameshawaambia watu. Alisema basi tutakwenda na wao, lakini mimi na wewe tutakuwa juu chumbani kwetu. Nilimfikiria mama mkwe ukumbini, mashemeji kwenye ngazi, mlango wa juu unagongwa na mwenye kuumwa na kichwa, nikamwambia nitaona.

Agosti ilipofika walijaa magari mawili kwenda uwanja wa ndege. Bi Hasina, buibui jipya mwilini na mkoba mapajani, aliniuliza mara ya tatu kwa nini mimi siendi.

"Mimi nnakwenda Salalah, Mama," nilimwambia. "Nshazoea."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa, akasema nimletee ndizi. Suud alikuwa anafunga buti ya gari. Aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu anioe nilimwona hajui kama nasema kweli. Alifungua mdomo aulize, mama yake akamwita, akaenda.

Binti yetu Alaa, ambaye ana kwake na hana maswali mengi, alinipeleka mimi uwanja wa ndege siku ya pili. Mahali nilipo sasa nilipapata kama tulivyopapata pale pa kwanza, kwa kufuata barabara mpaka ikachoka. Sisemi nchi. Kuna mvua kidogo jioni. Wenye nyumba ni mzee na mkewe, wanakula dengu na mkate mweusi na jibini ya mbuzi. Nilipowaeleza nisichokula walinielewa haraka, wakanipa sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Chakula kitamu. Kitanda kipana mno. Asubuhi nakula yai na mara mbili nimeshainua kichwa kumwambia Suud kitu.

Jana alinipigia. Nyuma yake nilisikia watu wengi, sahani, watoto, sauti ya Taghreed akimwambia mtu asogee kwenye picha.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Salalah."

"Jawaher, tafadhali. Niambie kweli uko wapi."

"Kuna mvua," nilisema. "Majani mabichi."

Akashusha pumzi. Nilimsikia akitoka nje, kelele zikapungua, kisha mbwa wa Bi Milka akabweka. Ningeweza kumwambia aliposimama, kwenye ngazi ya mawe iliyopasuka, mkono ukutani.

"Bi Milka anakuuliza," alisema. "Tangu tumefika, kila siku. Amekutilia sahani yako mezani. Nimwambie nini?"

Hapo ndipo nilipolia, nikamwacha asikie.

"Mwambie niko Salalah," nilisema. "Halafu mweleze Salalah ni nini."

Nilingoja aseme atamweleza. Ndani mama yake alimwita, kisha Taghreed, akaniambia subiri kidogo, nakuja sasa hivi. Nilisubiri mpaka simu ikakatika yenyewe.