Mbwa Aliyesuguliwa kwa Ukwaju

Shuaib aliikuta sarafu yake kwenye sinia la shaba, katikati ya chetezo na mirashi, inang'aa kama kifungo kipya cha koti.

Hasira zikampanda hadi masikioni. Sarafu ile ya Warumi ilikuwa na utando wa kijani wa karne na karne, na utando huo ndio uliokuwa uzuri wake. Jumamosi alikuwa aipeleke Houston mjini, kwa wakusanyaji wenzake wa sarafu za kale. Kwa mara ya kwanza walikubali asimame mbele aizungumzie. Siku zote alikuwa yule dereva anayekaa kiti cha nyuma na kula biskuti zao.

"Mama, nani kaigusa hii?"

Bi Mwatime hakuinua macho. Alikuwa kwenye sinki ya nyumba yao ya Missouri City, kando ya Houston, kama kila mwaka Idi ya Kuchinja ikikaribia, akisugua vyombo vya shaba kwa ukwaju na majivu ya jiko la kuchomea nyama. "Mimi. Ilikuwa na kutu. Wanakuja wageni, mwanangu, tuwaonyeshe kutu?"

"Umeimaliza, mama. Sasa ni kifungo."

"Basi kishone."

Nahla, mkewe, alikuwa akikata vitunguu vya kachumbari. Akajifanya vimemliza ili asicheke. Shuaib akamwona, akazidi kuiva.

Aliigeuza sarafu. Upande mmoja, yule mwanamke mwenye kofia ya vita bado alikuwa na pua. Upande wa pili alikuwepo mbwamwitu jike akinyonyesha wale mapacha wa ngano walioanzisha Rumi. Mapacha wapo. Mbwamwitu hayupo, mahali pake pamebaki laini kama kipara.

"Na mnyama kaenda wapi?"

Sasa mama akageuka. "Yule mbwa? Nilimwona. Ananyonyesha watoto wa watu, tena ndani ya nyumba inayosaliwa. Huyo nilimrudia."

"Makusudi?"

"Kwa majivu mengi."

"Kila ninachokipenda unakiharibu, kisha unaita usafi."

Kisu cha Nahla kikasimama. Bi Mwatime akajifuta mikono polepole, akapakua pilau, akaitua mezani kwa kishindo. "Kula kwanza. Utanitukana umeshiba."

"Sili."

Akaubamiza mlango, akajifungia garini, jua likimpika na njaa ikimkata. Akakunjua ngumi iliyoshika sarafu. Wale watoto wawili walikuwa bado wameinua vinywa, wananyonya hewa.

"Na nyie mnaangalia nini," akawaambia.

Dirishani mama yake aliitegesha sahani pale pale atakapoiona, akaifunika kawa, akarudi kusugua. Shuaib akawasha gari. Kwa ajili ya kiyoyozi tu.