Kiti cha Pembeni cha Hulda

Godhana alipoinunua ile pikipiki ya Yamaha, tayari ilikuwa kuukuu. Aliifikisha kijijini Wema juu ya mkokoteni wa punda. Mkewe, Hulda, aliizunguka akauliza kama ni ya kupanda au ya kutagia kuku.

Ilitembea. Mafuriko yalipoizamisha, Godhana alipandisha ekzosi, lile bomba la moshi, hadi usawa wa kiti ili maji yasiingie. Taa ya mbele ilipokosekana madukani, alifunga ya trekta. Tangi alilipaka kijani cha mpunga mchanga, na kila baada ya miaka kadhaa akalipaka tena. Fremu peke yake ndiyo hakuruhusu mtu aiguse. "Hii ndiyo mifupa yake," alikuwa akisema. Hulda alilalamika kwamba pikipiki inaoga kuliko mwenyewe, lakini siku ya soko alikaa nyuma na ndizi zake, mkono kiunoni mwa mumewe.

Mwaka juzi Hulda alipatwa na kiharusi. Alipata nafuu, ila mguu wa kushoto ulibaki mzito na hakuweza tena kujishikilia nyuma. Akaacha soko, akaacha kwaya. Alishinda kibarazani, na wageni wakija alijifanya amelala.

Asubuhi moja Godhana aliipeleka pikipiki mjini Garsen kwa Tuneya, fundi wa kuchomelea.

"Kata hapa," akamwambia, akionyesha fremu. "Nataka kiti cha pembeni, chenye gurudumu lake."

Tuneya alishusha miwani. "Mzee, wewe mwenyewe umesema?"

"Kata kabla sijabadilisha mawazo."

Mashine ilipoanza kulia, Godhana alitoka nje akasimama barabarani, mgongo ameipa karakana.

Hulda alipokiona kile kiti alikunja uso. "Baba Nicholas, unanibeba kama gunia la mahindi?"

"Gunia halinung'uniki," akasema Godhana. "Panda."

Alipanda kwa shingo upande, akajifunika leso usoni majirani wasimwone. Wakashika njia ya soko la Garsen, ila hawakufika mbali. Mvua ilikuwa imenyesha, na gurudumu jipya likazama kwenye udongo mweusi. Godhana alisukuma hadi akapoteza kiatu kimoja.

Ng'ombe walikuwa wakivuka njia. Nyuma yao alikuja Guracha, mfugaji wa Kiorma, na mkewe Abdia akiwa na mitungi ya maziwa. Miaka mingi Abdia aliuza maziwa sokoni kando ya ndizi za Hulda. Alisimama, akaichungulia ile leso.

"Hulda? Ni wewe?" Akaweka mitungi chini. "Mimi nauliza watu kila soko, Hulda iko wapi? Hakuna anajua!"

Hulda aliishusha leso polepole. "Mguu umegoma, Abdia. Mdomo bado mzima."

"Huo mdomo najua mimi, hauwezi kufa!"

Hulda akacheka. Akacheka mpaka kiti kikatikisika na tope likamrukia Godhana, aliyekuwa ameinama nyuma yake. Godhana hakujipangusa. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia tangu ugonjwa uingie nyumbani.

Guracha alikunja kikoi, wakainua pikipiki pamoja, ikatoka. Kisha akawafuata ng'ombe wake. Abdia alipouchukua mtungi mmoja, Hulda akamshika mkono.

"Unatembea kwenda wapi? Panda nyuma ya mzee. Mitungi nipe mimi niipakate."

Waliingia Garsen watatu, wamejaa matope, wanawake wakizungumza kwa pamoja na Godhana hapewi nafasi ya neno. Sokoni Hulda hakutaka kushuka. Aliamuru wapitie kwanza kwa Tuneya.

"Fundi, hiki kiti ni chembamba. Na hapa nyuma nataka kikapu cha chuma cha mitungi. Halafu kivuli, jua linaniunguza."

"Mama Nicholas," Godhana akaingilia, "hiyo fremu ni nzee. Itahimili kweli?"

"Umeikata bila kuniuliza. Sasa ni zamu yangu."

Tuneya alimtazama mzee. Godhana alikuna kichwa, akatabasamu, akaenda kutafuta chai ya watu wanne.