Chetezo cha Mama na Mate ya Mista Deli

Wewe ushawahi kumuona mtu mzima, kavaa koti na tai, anatema mate ndani ya chetezo? Mimi nimemuona. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ndoa yangu haijatimiza hata miezi mitano, na udi nilioupika kwa mikono yangu ukazimika mbele ya macho yangu: chsss!

Nakwambia haya kwa sababu Jumanne iliyopita mjukuu wangu Taghreed kaniletea mgeni hapa nyumbani Khuwair, huku Arabuni tulikohamia. Mama wa Kimarekani, jina lake Loreta, nywele nyeupe kazikata fupi, viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa. Hapo nikampenda. Anaandika kitabu cha maisha ya Dell Harkness, mcheza besiboli, ambaye sisi Unguja tukimwita Mista Deli. Mji aliozaliwa umemwekea jumba lake la makumbusho.

Nikamtilia kahawa, nikamsogezea halwa na tende. Yeye akasimulia, Taghreed akanifasiria.

Baba yake Mista Deli alikuwa mchimba makaa ya mawe, anarudi nyumbani meupe macho tu. Mtoto akishinda nyuma ya nyumba kulenga makopo kwa mawe, mpaka akawa mtupaji wa mpira. Mchezo wenyewe, kwa nilivyofahamu, mmoja anatupa mpira mdogo mgumu, mwenzake anausubiri na gongo mfano wa mchi. Basi Mista Deli akiutupa, gongo halioni kitu. Miaka ya hamsini picha yake ilikuwa ukutani kwa kila kinyozi, na watu wakisimama mvuani ili waushike tu ule mkono wake wa kulia. Kisha bega likafa. Umri thelathini na mbili, kazi basi. Marafiki zake wakawa wanamzungusha nchi za mbali, akawachangamshe Wamarekani walioko huko.

Ndivyo alivyofika Unguja mwaka wa sitini na mbili. Wamarekani walikuwa na mitambo yao Tunguu, ya kusikiliza vyombo vinavyopita angani, na marehemu mume wangu Murshid alikuwa dereva wao.

"Anasema alikuwa mtu mpole sana," akafasiri Taghreed.

"Mpole, sikatai. Lakini mchafu!"

"Bibi!"

"Mwambie."

Sijui alimwambia nini, maana Loreta alitabasamu.

Mista Deli shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba siku zote kama mwenye jipu. Tumbaku ya kutafuna. Akitema mate ya rangi ya kahawia, mazito, yana nyuzi. Alitema ndani ya gari, Murshid akafuta. Alitema kwenye ngazi, nikamwaga maji. Alitema kwenye mkilua wangu uliokuwa ndio kwanza unatoa maua, na tokea siku ile sikuuchuma tena. Usidhani sisi hatukuwa tukitema. Mama mkwe wangu alikula tambuu mpaka akazikwa na meno mekundu. Lakini alikuwa na kopo lake, na kifuniko chake, na kitambaa juu ya kifuniko.

Siku moja nilimuona anajaribu kufunga kifungo cha shingoni, mkono haupandi, jasho linamtoka. Murshid akamfungia kama mtoto. Nikamuonea huruma. Huruma yenyewe haikufika Ijumaa.

Ijumaa Murshid alimwalika chakula cha usiku kwetu. Nilipika pilau, kuku wa kupaka, sambusa, na baada ya kahawa nikamtuma Murshid na chetezo. Kilikuwa cha mama yangu, cha fedha, kina miguu mitatu na kifuniko cha matundu yaliyokatwa mfano wa nyota. Mama alikifukizia nguo zangu za harusi, akafa wiki ya tatu yake. Kwetu chetezo kikipita, mgeni anajifukiza, anaomba ruhusa, anakwenda zake. Mista Deli alikipokea, akafunua kifuniko, akatazama ndani, akainama.

Chsss.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Harufu ya tumbaku mbichi iliyoungua juu ya udi wa mawaridi mpaka leo ikinijia nashika pua. Murshid aliona haya, akacheka. Mgeni naye, kwa kudhani kafanya sawa, akakisifu: kizuri, kizuri sana! Na Murshid, kama alivyolelewa, akamjibu, "Chukua, ni chako."

Mtu wa kwetu angesema, "Ahsante, kimekaa pazuri kwa mwenyewe," mambo yakaisha. Mista Deli akamwaga makaa kwenye bustani, akakitia kwapani, akaondoka nacho.

Kumdai mgeni alichopewa? Na kumfedhehi mume wangu? Nimenyamaza miaka zaidi ya sitini, na Murshid kafa hajui.

Sasa Loreta akatoa simu yake, akanionesha picha. Ndani ya sanduku la kioo, chetezo changu. Sikuhitaji miwani.

"Imeandikwa nini hapo chini?"

Taghreed akasitasita. "Kopo la kutemea mate la Dell Harkness. Zawadi ya rafiki zake wa Zanzibar."

Picha ya pili ilipigwa kwa juu. Ndani, kwenye fedha, madoa ya kahawia, yamekauka, yamepasuka kama tope la kiangazi.

"Hawajakiosha?"

"Anasema hawawezi, Bibi. Ndiyo historia yenyewe."

Tonge la halwa lilikuwa mdomoni. Nikalitoa kwa kitambaa. Wamekipa mlinzi na taa, kwa ajili ya kuhifadhi mate!

Hapo ikatoka karatasi ya jumba la makumbusho. Loreta alitaka niweke saini kuwa chetezo kilitolewa zawadi kwa moyo safi, kikae pale daima. Taghreed akanipa kalamu.

"Weka tu, Bibi. Jina la Babu litaandikwa kwenye kitabu."

"Na jina la mama yangu?"

Akanikalia karibu, akanishika goti. "Bibi wangu, fikiri kidogo. Asingekichukua si kingepotea? Mapinduzi yalipokuja si mlitoka na nguo za mwilini?"

Kweli. Tulitoka na nguo za mwilini. Sahani, vitanda, picha ya mama, vyote vilibaki, na sikuviona tena. Kwa hiyo katika dunia nzima alichokishika mama yangu ni hicho kimoja tu, na kimejaa mate.

"Kingepotea kisafi," nikamwambia.

Lakini kalamu niliishika. Heshima ya mgeni ni ugonjwa mwilini mwangu, sikufichi. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Taghreed, kuona mambo yanakwisha, akaleta chetezo cha udongo, hiki cha Salala cha rangi rangi, moshi unapanda. Loreta akajifukiza vizuri, akafumba macho, akasema kitu kwa furaha. Taghreed akacheka akamjibu.

"Umemwambia nini?"

"Kakisifu. Nimemwambia achukue, ni chake."

Na Loreta, macho yamejaa machozi ya shukrani, akakiinua chetezo changu cha pili kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani na makaa yake.

Nikaweka kalamu chini.

"Taghreed, mama. Mwambie akirudishe mezani. Kisha mfasirie nitakayosema, neno kwa neno, usiyapake sukari."

"Bibi, mgeni huyu."

"Najua ni mgeni. Mwambie sikutoa mimi. Mwambie si kopo. Nakitaka chetezo cha mama yangu. Nilikitaka usiku ule ule, Mista Deli hajafika hata getini. Na wasikioshe, nitakiosha mwenyewe."