Feni Inayokufa Asubuhi

Gari langu la abiria lilikuwa na adabu mbaya kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa Bunia. Asubuhi nikiliwasha nyumbani, mtaa wa Ngezi, feni inayopuliza joto kwenye kioo cha mbele haitoi hata pumzi. Redio inakohoa, taa za dashibodi zinawaka na kuzima zenyewe. Mchana nikilipeleka gereji, feni inapuliza vizuri kabisa, redio inaimba, na mimi naonekana mwongo.

"Grand, hii ventilateur iko bien," fundi Fiacre aliniambia mara ya kwanza, kiganja chake mbele ya tundu la hewa. "Weye uko na shida gani nayo?"

"Haitembeake asubui."

"Basi ukuwe unasafiri nayo mangaribi."

Siku hiyo nilicheka. Sikucheka tena.

Asiyeendesha ataniuliza, joto la nini Bunia? Sizungumzii baridi. Wakati wa mvua ukipakia watu wanane wenye nguo mbichi, ukafunga madirisha, pumzi zao zote zinapanda kwenye kioo cha mbele na kukifanya cheupe kama kimepakwa uji. Bila feni unaendesha kwa kuikumbuka barabara tu. Jumamosi moja isiyo na jua, nikirudi kutoka Komanda na feni bado imekufa, nilimkosakosa mwanamke aliyekuwa juu ya pikipiki, mtoto mgongoni. Nilimwona akiwa amekwisha kufika kwenye bampa. Abiria walipiga kelele. Nilisimamisha gari kando, nikashuka, nikatapika.

Jioni hiyo nikawaambia watu wa nyumbani kwamba imetosha. Feni isipopona kufikia Jumamosi inayofuata, gari ninaliacha hapo lilipo, namfuata Dany, shemeji yangu, kuchimba dhahabu Bambu.

Arielle, mke wangu, aliinuka akaenda kuangalia sufuria. Mama yangu, Mama Geneviève, alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Mikono yake ikasimama.

"Bambu hapana, Liévin. Kule batu banafukiwaka mu mashimo."

"Na barabara je? Sitaki kuua mutoto wa mutu."

Mama akarudia majani yake. Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilijua. Kaka yangu Olivier ndiye aliyekuwa akiendesha barabara ya Komanda kabla yangu. Siku moja watu wenye bunduki walimngoja kwenye kona kabla ya kufika Marabo, na tulipokwenda kuuchukua mwili wake, kioo cha mbele kilikuwa na matundu matatu. Wakati wa vita mama alikimbia nasi wawili kutoka Oicha, akatufikisha hapa wazima. Amebaki na mimi tu.

Fiacre basi akaanza kazi, na mimi nikaanza kuzeeka. Alibadilisha relais, kile kiswichi kidogo cha umeme. Alisugua mahali waya hasi, ule wa masse, unapofungwa kwenye bati. Kifuniko cha fyuzi kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo alizichomoa moja moja, kila moja akiiangalia kwenye mwanga wa jua na kuirudisha. Akaleta feni nyingine kutoka kwenye gari lililokufa. Ikapuliza hadi karatasi zangu za bima zikaruka. Kesho yake asubuhi, kimya.

"Liache hapa kwangu, lilale," akasema.

Likalala kwake. Asubuhi nikaenda, nikalikuta linapuliza joto. Fiacre amekaa ndani amefunga macho, anaota moto kama bibi.

"Gari inanipenda," akaniambia.

Nilitamani kumpiga. Nililirudisha nyumbani, likapuliza njia nzima, likalala uani. Asubuhi, kimya, na zulia la upande wa abiria limelowa. Nikawalaumu abiria na viatu vyao vya matope.

Mama ndiye aliyelitamka jambo ambalo sote tulikuwa tunalifikiria. "Kwa Fiacre inatembea, hapa inakufa. Iko mutu anakuyaka hapa usiku."

Mimi si mtu wa kuamini uchawi haraka, lakini hasira inaamini chochote. Nikaanza kuitikia salamu za majirani kwa nusu mdomo. Nilimwambia Arielle kwa sauti, ili ukuta wa jirani nao usikie, kwamba nikimkamata huyo anayegusa gari langu nitamvunja mikono. Mama alikuwa karibu.

"Amina," akasema.

Alhamisi honi ikalia yenyewe mbele ya kizuizi cha wanajeshi. Wote wakaruka. Niliinua mikono juu huku honi ikiendelea kulia, nikiwaapia kwamba si mimi, ni gari. Mmoja alicheka. Wengine hawakucheka hata kidogo. Nilifika nyumbani, nikatupa funguo mezani, nikasema Jumamosi ni mbali mno, siwezi kuingoja.

Ijumaa nilimwomba Fiacre kitu kimoja cha mwisho: aje kwangu alfajiri, aione maiti ya feni kwa macho yake, hapo inapofia. Akakubali, kwa sababu jambo hili sasa lilikuwa limemwingia hata yeye kichwani.

Kulipoanza kupambazuka Jumamosi tulikuwa nyuma ya jiko, vikombe vya chai mkononi. Mawingu yalikuwa mazito. Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama akatoka na kitenge chake mabegani, funguo zangu mkono huu, chupa mkono ule. Nilijua kwamba kila asubuhi huliombea gari. Siku zote nilidhani huliombea akiwa amesimama nje.

Alifungua mlango, akaingia, akaweka kiganja kwenye usukani. Midomo ikacheza. Kisha akainua chupa na kuyamimina maji ndani ya ule ufa mrefu ulio chini ya kioo cha mbele, ambamo hewa ya joto inatokea. Alianza pembe moja akaenda hadi pembe nyingine, polepole, kama anayemwagilia miche ya nyanya. Akaimaliza chupa yote.

Chai ya Fiacre ilimwagika. "Mama!" akaita, akikimbia. "Ile maji iko na chumvi?"

"Ni maji ya baraka," mama akajibu, akishangaa. "Bila chumvi ingekuwa na nguvu gani?"

Fiacre akapiga magoti upande wa abiria, akashusha kisanduku cha mbele, akachomoa plagi ya nyaya. Ilikuwa ya kijani na nyeupe, imeliwa na chumvi, inadondoka maji. "Ule unga mweupe niliona kwa nyaya," alisema. "Mi nilisema ni uzee tu. Mchana jua inakausha, asubui mama anarudisha."

Hapo nikapasuka. Nilipiga kelele ambazo Ngezi nzima ilizisikia. "Ni weye! Siku zote hizi ni weye! Nilikaribia kuua mutoto juu ya maji yako! Nimechukia batu wa bure juu ya maji yako!"

Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Olivier, bubaya bulimupitia kwa kioo," akasema. "Kwa hiyo ninawekaka pale kwa kioo. Na weye kila siku unasema gari inazidi kuharibika. Nikazidisha."

Fiacre akaangalia kando. Mama akaangalia ile plagi mkononi mwa fundi.

"Basi ni miye nilikuwa ninakufunga macho."

Ningependa kusema hasira yangu iliisha. Haikuisha. Ilikosa tu mahali pa kwenda.

Fiacre alisema ataikata plagi, aunganishe nyaya na kuzifunga, lakini lazima kwanza zikauke, na jua lilikuwa halina dalili. Mvua ikaanza. Kwenye parking, kituo cha magari, akina mama wa soko la Komanda walikuwa wananingoja na magunia yao. Nikasema siendi, wangoje gari lingine.

Mama akaingia ndani ya nyumba. Nikadhani anakwenda kulia. Akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani, akapanda kiti cha mbele, akavua kitenge mabegani na kukikunja mara nne.

"Twende."

"Mama, shuka. Ile barabara uliapa hautapita tena."

"Leo ventilateur ni miye."

Tukaenda. Tukapakia akina mama, magunia na pumzi zao. Kioo kikawa cheupe, mama akainama mbele akakifuta, mbele yake kisha mbele yangu, mkono ukipita juu ya usukani. Kilipokuwa cheupe tena alikifuta tena. Nilikwenda taratibu sana. Nyuma hakuna aliyelalamika. Nilikuwa naiona barabara yote, kila shimo, kila pikipiki.

Tulipokaribia kona ile ya Olivier, nilipunguza mwendo. Mkono wake ukasimama kwenye kioo.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Ukungu ukaanza kurudi pembeni mwa vidole vyake. Nilimgeukia, nikataka kumwomba msamaha kwa kelele za asubuhi.

"Angalia mbele, mutoto yangu," akasema, akaendelea kufuta.