Panga Lisilo na Mkia

Lyamba aliliweka panga la mwisho la turbini kwenye mizani aliyoazima kwa warina asali wa Ugalla. Lilimzidi pacha wake kwa uzito wa punje mbili za mahindi. Akalipiga tupa, akapima tena, akaridhika. Kila panga na pacha wake hukaa wakitazamana kwenye rota, gurudumu la turbini linalozungushwa na mvuke. Wakitofautiana uzito, gurudumu hutetemeka mpaka lijivunje.

Mengine yote yalikuwa na mkia uliotanuka. Aliyaingiza moja moja katika mfereji wa rota kupitia lango dogo, akayasogeza kwa nyundo ya mti, mfereji ukayabana. Hili la mwisho ndilo la kuziba lango. Halina mkia, hushikwa na pini ya chuma kigumu, basi.

"Wageni wa kutoka Sumbawanga wanafika saa nne," alisema Deogratias, meneja wa kiwanda cha mbao. "Funga."

"Pini bado iko Tabora, bosi. Inakuja na treni."

Deogratias akamtupia msumari wa inchi sita.

"Huu ni wa kupigilia mbao, bosi! Mvuke ukikolea, panga linatoka kama risasi."

"Miaka tisa wewe kibarua, Lyamba. Barua yako ya ajira ninayo hapa mfukoni. Unaitaka au huitaki?"

Lyamba hakuugusa msumari. Deogratias akaugongelea mwenyewe, akajifuta mikono kwa leso.

Kiwandani hapo mashine ikiwashwa mara ya kwanza, aliyeifunga husimama ubavuni mwake. Saa nne, mbele ya wageni, filimbi ya boila ikalia.

"Fundi, sogea," meneja akaita kwa tabasamu.

"La mwisho umelifunga wewe, bosi. Nafasi ni yako."

Wageni wakaangua kicheko. "Haya meneja, kasimame bwana!"

Deogratias akaitazama turbini, akatazama viatu vyake. Akasema mvuke hautoshi, watangulie kwenye mbuzi wa kuchoma. Jioni Lyamba akasukumwa nje ya geti, mikono mitupu.

Asubuhi alirudi kuchukua mizani ya watu. Mlinzi, Yotham, akamzuia.

"Umepigwa marufuku humu, mzee wangu."

Ndani, filimbi ikalia.

"Nani kasimama ubavuni?"

"Venant, yule kijana wa Shanwe. Kapewa ajira jana. Barua ni ile ile yako, wamefuta jina tu."

Lyamba alilirukia geti akipiga kelele zimeni, zimeni. Yotham akamkamata kiunoni. Mlio wa turbini ukapanda, ukawa mwembamba kama wa mbu, kisha ukakatika kwa kishindo kimoja.

Taarifa ya ajali iliandikwa kabla maiti ya Venant haijaoshwa. Chanzo: uzembe wa kibarua Lyamba, aliyefunga mtambo wa kisasa kwa vifaa vya kienyeji. Msumari haukutajwa. Polisi waliomfunga pingu walibeba kielelezo kimoja tu, mizani ya asali.